Jani la Saida

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Fukayosi, sikupewa chaki. Nilipewa jiko la mkaa, sufuria moja, chupa ya spiriti iliyozibwa kwa kitambaa, na agizo la kwenda zahanati kumwomba mganga anigawie iodini kidogo. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu majuzi tu, nimevaa viatu vya visigino, nikidhani nimekuja kufundisha. Mwalimu Mkuu, mtu mfupi mwenye sauti ya kuongoza gwaride, aliangalia viatu vyangu, akaliangalia jiko, kisha akaniangalia usoni.

"Mwalimu Zuhura, leo darasa la sita wanapima wanga kwenye majani. Kupima wanga unajua?"

"Najua, Mwalimu Mkuu. Tulifundishwa."

"Mlifundishwa au mlifanya?"

Chuoni tulichorewa ubaoni, tukanakili, tukafaulu. Mwalimu Mkuu akacheka kwa pua, akavuta kigoda na kukaa kando ya jiko kama mama anayemfunza mwali kupika. Ndivyo nilivyoanza kazi ambayo imenila miaka yangu yote, na siijutii, ingawa kuna siku moja ndani yake ambayo mpaka leo nikiikumbuka mwili unanisisimka. Nitafika huko. Kwanza niwaeleze kazi yenyewe, maana ninyi vijana mnaofundisha kwa kuonyesha video kwenye simu mnajua rangi ya mwisho tu, hamjui njia ya kuifikia.

Jani likipata jua hujitengenezea chakula, na sehemu ya chakula hicho huiweka akiba kwa namna ya wanga, ule ule ulio kwenye muhogo na kwenye unga wa sembe. Kwa macho huuoni. Kwa hiyo unalichuma jani, unalitumbukiza kwenye maji yanayochemka mpaka lilegee kabisa. Kisha unalitia kwenye spiriti ya moto ili liachie umbijani, yaani ule ukijani wake. Linatoka limepauka, limekakamaa, ukilibana linavunjika. Unalisuuza kwa maji ya vuguvugu lilainike, unalitandaza juu ya kigae cheupe, unalidondoshea iodini. Iodini yenyewe ina rangi ya chai ya rangi. Ikikuta wanga inageuka buluu nzito, karibu na nyeusi. Isipoukuta inabaki vile vile, chai.

"Spiriti haipikwi," Mwalimu Mkuu alinionya siku ile, akiushika mkono wangu uliokuwa unaipeleka chupa jikoni. "Inaogeshwa. Epua sufuria, ondoa jiko kabisa, uipeleke kule nje, ndipo uitie spiriti ndani ya gilasi na gilasi ndani ya maji ya moto. Ukiipika, utaungua wewe, itaungua shule, na mimi nitaulizwa."

Alinifundisha pia jambo ambalo yeye aliliita kuulaza mti njaa. Mti unalala na akiba ya jana. Ukitaka kujua umekula nini leo, lazima kwanza umalize ya jana, na mti haumalizi akiba mpaka uwe gizani. Kwa hiyo tawi unalifunika kwa gunia zito siku mbili. Majani yake yanakula kile yalichonacho mpaka yanabaki matupu. Ukilifunua asubuhi, kila wanga utakaouona jioni ni wa jua la siku hiyo tu. Watoto wa Fukayosi walipenda sana maneno hayo. Walikuwa wakipita kando ya tawi lililofunikwa wanashusha sauti, eti wasiuamshe mti.

Kutoka Fukayosi nilihamishiwa Ubena, barabara kuu ile, malori mchana na usiku, vumbi mpaka kwenye chai. Huko ndiko nilikokutana na Mkaguzi wa shule. Alikuwa mwanamume mrefu, mkimya, mwenye miwani minene, na walimu walimwogopa kuliko homa. Alifika asubuhi na mapema, akakuta nimefunua tawi langu, akauliza ninapima nini. Nilimweleza. Alitoa ufunguo mfukoni, akaulaza ule ufunguo juu ya jani moja pana, akaubana kwa vibanio viwili vya nguo, akaenda zake kukagua madarasa.

Alasiri alirudi. "Lichume hilo tulione."

Nililichemsha, nikalipausha, nikalidondoshea iodini mbele yake na mbele ya watoto. Jani likawa jeusi lote, isipokuwa katikati, ambako ulikuwa umelala ufunguo, wa rangi ya chai, na meno yake yote. Ungeweza kumpelekea fundi akuchongee mwingine. Watoto wa mbele walirudi nyuma wakakanyagana.

"Unaona, mwalimu," Mkaguzi alisema taratibu. "Jani linaweka sura ya kitu kilicholikalia. Kivuli tu hakifanyi hivi. Kivuli cha tawi au cha jani jirani hutembea na jua, kinaacha ukungu usio na ukingo. Ukiona ukingo mkali namna hii, jua kuna kitu kilikaa pale pale siku nzima bila kubanduka."

Akachukua ufunguo wake, akaondoka. Sikumwona tena maishani. Lakini tangu siku hiyo nilikuwa nafundisha somo hilo kwa heshima nyingine.

Nilijiendeleza, nikapanda kufundisha sekondari, Baiolojia, na kituo changu cha mwisho kilikuwa shule moja ya kata upande wa Kaole. Maabara ilikuwa ya kweli sasa, ina meza za zege na sinki ambalo maji yalitoka yalipojisikia. Mbele yake palikuwa na baraza, na kandokando ya baraza mforosadi ulioinamisha tawi lake mpaka kwenye ngazi. Nyuma ya mti huo kulikuwa na kichaka, na ndani ya kichaka makaburi ya zamani ya mawe ya matumbawe ambayo hakuna aliyejua ni ya akina nani. Wanafunzi walikuwa hawapiti huko hata kwa kufukuzwa. Mkuu wa Shule, mtu wa bara, mpole, mchapakazi, alikuwa na kasoro moja tu: maneno ya watu yalimkosesha usingizi.

Majani ya mforosadi ni mapana, laini, hayana ubishi kwenye spiriti. Nilianzisha mtindo wangu: kila mwanafunzi awe na jani lake mwenyewe. Tulilifunika tawi kwa magunia, na ilipofika Ijumaa kila mmoja aliingiza mkono chini ya gunia na kubana kipande cha karatasi nyeusi juu na chini ya jani lake, halafu akafunga kwenye kikonyo uzi wenye jina lake. Jumatatu alfajiri ningelifunua tawi, na alasiri kila mtu angechuma la kwake. Mtoto akiwa na jani lenye jina lake hasinzii darasani.

Saida alikuwa kidato cha pili. Msichana mwembamba, mchangamfu, mwenye maswali ambayo hayamo kwenye kitabu. Ijumaa hiyo, akifunga uzi wake, aliniuliza, "Mwalimu, jani likifunikwa linajua kama limefunikwa?"

"Muulize lenyewe," nilimjibu. "Jumatatu litakwambia."

Jumatatu hakuja. Homa ilimshika Ijumaa ile ile jioni, Jumamosi alikuwa hajitambui, Jumapili tukamzika. Nilikuwepo msibani na sina la kuongeza. Mtoto wa watu alikufa kwa homa kama wengi wanavyokufa, na mama yake, Bi Mwantumu, ambaye hakuwa na mwingine, hakulia. Alikaa kwenye mkeka akiutazama mlango.

Jumatatu tulifanya jaribio kwa sababu Mkuu wa Shule alisema ratiba ni ratiba. Kila mtu alichuma jani lake. La Saida peke yake lilibaki kwenye tawi, na karatasi yake nyeusi, na uzi wake. Hakuna aliyeligusa. Nilidhani litajinyaukia na kuanguka, nami nikaliacha.

Sisi watu wa pwani tuna siku ya kuanua matanga. Mikeka ya msiba inakunjwa, wageni wanarudi makwao, jiko linawaka kama kawaida. Si kwamba watu wamesahau, ila walio hai wanaruhusiwa kuishi. Siku hiyo ilipofika nyumbani kwa Bi Mwantumu, alikataa. Alikalia mikeka, akasema hakuna wa kuikunja, mwanawe ana kazi shuleni hajaimaliza. Kumbe Saida, katika homa yake, maneno yake ya mwisho yenye maana yalikuwa haya: jani langu lina jina langu, wasilichume bila mimi.

Alikuja shuleni peke yake. Nilikuwa barazani nikikausha vigae.

"Hodi, mwalimu."

"Karibu, Mama Saida. Karibu dada yangu, kaa."

"Sikai. Nionyeshe jani la mwanangu."

Nilimwonyesha. Alilitazama kwa muda mrefu, kisha akaketi kwenye ngazi, akanyoosha mkono, akalishika ncha kwa kidole gumba na cha shahada, kama unavyomshika mtoto ncha ya nguo asipotelee sokoni. Akakaa hivyo mpaka jua likazama. Kesho yake akarudi. Na kesho yake tena. Alikuwa anakuja mapema kuliko mlinzi na kuondoka Magharibi. Chakula hakutaka. Tulimletea uji, ukapoa. Maji alikunywa funda moja moja pale nilipomlazimisha. Kaka yake alinifuata ofisini, mtu mzima, machozi yanamlengalenga.

"Mwalimu, hali chochote, mwezi hautaisha tukiwa naye. Tumemleta shekhe, tumemleta daktari. Anatuambia nyie laleni, mimi nimeshikana na mwanangu. Atamfuata, mwalimu. Naona kwa macho yangu anamfuata."

Nami niliona. Mifupa ya mabega ilikuwa inatokeza kwenye kanga. Kila siku alikuwa mwepesi kuliko jana.

Hapo ndipo mambo mengine yalipoanza, na ninayaeleza kama yalivyokuwa, bila kuongeza chumvi. Tatu, kiranja wa darasa la Saida, msichana mwenye akili timamu na asiyependa porojo, alinijia asubuhi moja akiwa amejifunga mtandio kichwani mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Una nini?"

"Mwalimu, njoo uangalie umande."

Nilikwenda. Ilikuwa alfajiri ya unyevu, mforosadi wote umelowa, majani yanadondosha. Jani la Saida lilikuwa kavu. Bi Mwantumu alikuwa hajafika bado. Nililigusa, nikauondoa mkono haraka. Lilikuwa na joto, joto dogo, la kitu kilichokuwa mkononi mwa mtu sasa hivi.

Nikamwambia Tatu kuwa majani yaliyo karibu na ukuta hupata joto la ukuta. Akaniangalia. Ukuta ulikuwa upande wa pili wa baraza. "Sawa mwalimu," akasema, kwa ile sauti ambayo wanafunzi hutumia wakikuheshimu bila kukuamini.

Baada ya hapo nilianza kuangalia kila siku, na kila siku lilikuwa kavu. Upepo wa asubuhi ulipokuja majani yote yalicheza, lile likatulia. Mchana Bi Mwantumu alipokuwa amelishika ilikuwa haki litulie. Lakini alipokuwa ameliachia kwenda kutawadha, lilibaki limenyooka, limevutwa kidogo kuelekea kichakani, na uzi wenye jina umekaza. Niliogopa. Nilikuwa mtu mzima mwenye shahada na wajukuu, na niliogopa kwenda maabara yangu mwenyewe.

Wanafunzi nao wana macho. Wasichana wawili walianguka darasani wakipiga kelele, wiki iliyofuata wengine, halafu wazazi wakaanza kufika getini. Darasa la Saida liligoma kuingia maabara. Mkuu wa Shule aliniita.

"Mwalimu Zuhura, nimeamua. Ule mti naukata."

"Mkuu, ukikata ule mti unamkata na yule mama."

"Na nisipoukata nitabaki na majengo matupu. Unataka nifanyeje? Wewe ndiye mwalimu wa majani."

Alisema kwa hasira, lakini neno lake lilinikaa. Niliondoka pale nikiwa nimeshaamua. Jambo lililokuwa linamzuia yule mama si jani. Ni kazi ambayo haijaisha. Basi tuimalize.

Nilimkuta kwenye ngazi, kidole gumba juu ya jani, macho kichakani. Nilikaa chini kando yake. Nilimweleza kila hatua kama nilivyowaeleza ninyi, na sikumficha kwamba jani litakufa. Nikamwambia: mwanao alisema lisichumwe bila yeye. Wewe ndiye uliyebaki wa kusimama mahali pake. Ukikataa, sitaligusa, na nitaupigania mti huu kwa Mkuu mpaka aniandikie barua ya onyo. Ukikubali, utalichuma kwa mkono wako.

Akauliza, "Nikilichuma, atakuwa amemaliza?"

"Atakuwa amemaliza somo lake."

"Na mimi?"

"Hilo silijui, dada."

Alikubali kwa kichwa. Nililifunika tawi kwa gunia lile lile, tukaulaza mti njaa. Siku hizo mbili Bi Mwantumu alikaa ngazini mikono mapajani, hajui aiweke wapi. Ndani ya gunia, kilichotokea sijui, na sikufunua kuangalia.

Siku ya tatu niliondoa gunia jua linachomoza. Jani lilikuwa zima, kijani, kavu. Nilibana upya karatasi ya Saida pale pale ilipokuwa. Bi Mwantumu akalishika ncha kama kawaida yake, na safari hii nilimwomba asihamishe kidole. Hakukihamisha. Jua lilikuwa kali, anga haina wingu. Mimi nilikaa naye barazani asubuhi nzima nikisahihisha madaftari. Adhuhuri alipokwenda kuswali nilisimama pale mwenyewe, hatua chache kutoka kwenye tawi, na sikumruhusu mtu kupanda baraza. Nasema hili ili mjue: hakuna aliyeligusa. Nilikuwa naliangalia. Lilibaki limenyooka.

Alasiri alilichuma. Nilisikia kikonyo kikikatika, na Bi Mwantumu akashusha pumzi kama aliyetua mzigo. Mkuu wa Shule alikuja akasimama mlangoni. Tatu alikuja, na nyuma yake, mmoja mmoja, darasa lote la Saida, wakajipanga ukutani bila mtu kuwaita. Nilimwacha mama afanye kila kitu kwa mikono yake. Alilitumbukiza kwenye maji yanayochemka. Nikazima moto, nikatoa jiko nje, akalitia kwenye spiriti. Spiriti ikageuka kijani polepole na jani likawa linapauka. Akalisuuza, akalitandaza juu ya kigae, akakunjua kingo zake kwa ncha ya kidole kwa upole ambao sijauona tena. Nilimpa kidondoshi. Akadondosha mwenyewe.

Iodini ilitambaa. Jani likaanza kuwa jeusi, kutoka kwenye mishipa kwenda pembeni. Katikati ukabaki utepe wa rangi ya chai, ulionyooka, pale palipokuwa na karatasi ya Saida. Jaribio lilikuwa limefaulu. Mtu mmoja ukutani alinong'ona alhamdulillahi.

Kwenye ncha palikuwa na alama ya kidole gumba. Hiyo nilikuwa naitarajia. Rangi yake haikuwa safi, ilikuwa na kijivu kidogo, kwa sababu alikuwa ameliachia alipokwenda kuswali na jua likapata nafasi. Bi Mwantumu aliweka kidole chake juu yake, kikaenea sawasawa.

Kisha tukaona upande wa pili. Karibu na kikonyo, ng'ambo ya utepe, palikuwa na alama nyingine, zimepangana kwa ubavu, nyembamba, za vidole vya mtu aliyelishika jani kutoka upande wa kichakani. Kingo zake zilikuwa kali kama za kitu kilichochongwa. Na hazikuwa na kijivu hata kidogo. Aliyeshika upande ule hakuondoka hata kwa dakika moja.

Hakuna aliyepiga kelele. Nilitegemea wapige, lakini hawakupiga. Tatu alikaa chini sakafuni. Mkuu wa Shule alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Bi Mwantumu aliweka vidole vyake juu ya alama zile, kimoja kimoja. Vilizidi kila upande. Vya kwake vilikuwa vikubwa.

"Hivi si vyangu," akasema.

"Mwalimu." Aliniinulia macho, na nikaona kwamba maisha yake yamesimama kwenye neno nitakalosema. "Mwalimu, wewe unalisoma jani. Niambie. Bado amenishika?"

Vijana, nilikuwa na mengi ya kusema. Ningeweza kumwambia habari za mishipa ya jani, za wadudu, za vibanio, za vivuli, ingawa nilikuwa najua vizuri kwamba kivuli hakiachi ukingo. Ningeweza kumwambia ndiyo, bado amekushika, na angefurahi, na tungemzika kabla ya mwezi kuandama. Nililiinamia lile jani nikaliangalia kama nilivyofundishwa kuangalia, rangi kwa rangi. Na nikaona jambo ambalo hofu ilikuwa imenizuia kuliona.

"Dada, tazama hapa," nikamwambia. Nilimwonyesha kwa ncha ya kalamu. "Hiki chako, kwenye ncha. Hivi vyake, kwenye kikonyo. Wote mmelishika jani moja. Lakini tazama kati yenu, ukiacha utepe huu wa karatasi yake. Huku kweusi, na huku kweusi, weusi wa kushiba. Hapo hapakuwa na mkono wa mtu. Hamkugusana, dada. Kati yenu jua limepita siku nzima."

Alitazama. Alipitisha kidole juu ya ule weusi, kutoka kwake kwenda kwa mwanawe, akafika kwenye zile alama ndogo, akasimama kabla hajazigusa. Akaurudisha mkono. Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha msiba, kile ambacho alikuwa hajakilia tangu siku ya maziko, na wasichana wote wakalia naye, na mimi, na Mkuu wa Shule alitoka nje akasimama akiupa mlango mgongo.

Alipomaliza aliomba uji. Tatu alikimbia jikoni. Bi Mwantumu aliunywa wote, akalikunja jani lile kwenye pindo la kanga yake, akaaga. Kaka yake aliniambia baadaye kwamba alipofika nyumbani hakusema na mtu, aliinama akaanza kukunja mikeka mwenyewe.

Mforosadi haukukatwa. Asubuhi iliyofuata nilikwenda kuuangalia kabla ya kengele, ukiwa umelowa umande majani yote, hata kile kikonyo kitupu. Niliendelea kufundisha somo hilo kila mwaka mpaka nilipostaafu, lakini sikumfungia tena mtoto yeyote jina lake kwenye jani. Nilitumia namba.

Sasa nipo nyumbani, Bagamoyo mjini, miguu inauma, na walimu vijana wananitembelea na kuniuliza siri ya kazi. Nawaambia waepue jiko kabla ya kutia spiriti. Wengine wamesikia habari hii, wananiuliza kwa aibu kama ninaamini. Nawajibu kwamba mimi nilikuwa mwalimu wa kupima wanga. Ni nani aliyelishika jani upande ule, sijui, na uzee haujanisaidia kujua. Nilisoma kilichoandikwa mahali ambapo hakuna aliyeshika, nikamsomea mama yake, na jioni ile alikula.